Wi-Fi ya sebuleni na mnara wa kijijini: kipi kinakufikia zaidi?

Baada ya kipindi cha asubuhi, mama mmoja alitutumia ujumbe. Mwanawe amefunga kifaa cha Wi-Fi sebuleni, na jirani amemwambia kitamletea mjukuu saratani. Je, awe anakizima usiku? Maswali kama haya hutufikia pia kuhusu minara ya simu, na wapo wanaopinga mnara usijengwe karibu nao kabisa.

Wi-Fi, simu, hata mtambo wa redio yetu, vyote hurusha mawimbi ya redio. Mawimbi haya hayana nguvu ya kuharibu chembe za mwili kama eksirei. Yakiwa makali sana hupasha mwili joto. Kifaa cha Wi-Fi kwa kawaida hutoa takriban wati 0.1, na ukisogea hatua chache tu kinachokufikia hupungua sana. Simu ya kitochi inaweza kufikia wati 2 kwa mipigo mifupi, nayo unaibana sikioni.

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Simu ikiwa karibu na mnara hupunguza nguvu. Mnara ukiwa mbali, hupaza sauti kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde, ndiyo maana chaji huisha upesi penye mtandao hafifu. Anayekataa mnara kwa kuogopa mionzi anaweza kujikuta anapata mingi zaidi, kutoka kwenye simu yake mwenyewe.

Na saratani? Mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliyaweka mawimbi haya kundi la 2B: huenda yanasababisha, ila ushahidi ni mdogo. Moshi wa kuni ndani ya nyumba uko kundi zito zaidi, 2A, na sijawahi kupokea ujumbe wa kuulizia jiko. Mwaka 2024 uchambuzi wa tafiti 63, ulioagizwa na shirika hilohilo, haukuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo.

Mwenye wasiwasi bado anaweza kuongea kwa spika, au kusogea penye mtandao mzuri.

Mama, ukikizima usiku hakuna ubaya, utaokoa umeme kidogo. Ila mjukuu asilale na simu inayochajiwa chini ya mto. Betri huchemka, na zipo zinazowaka moto.