Upanga Uanzie kwa Mhunzi

Toleo hili ni la wachoraji wa hadithi za picha wanaobuni falme ambazo hazijapata kuwepo. Kazi zao zinafurahisha, ila kuna kasoro inayojirudia: mfalme wa msituni, wa jangwani na wa visiwani wote wameshika upanga uleule, mnyoofu, wa makali mawili, mpini wake umefanywa msalaba kama wa askari wa Ulaya ya kale. Mavazi yamebuniwa upya, nyumba pia, silaha imeazimwa. Inasikitisha zaidi mchoraji akiwa wa Kisangani, kwa kuwa hadi mwaka 2015 jiji hili lilikuwa makao makuu ya Jimbo la Mashariki, lililowakusanya Wazande, Wamangbetu, Watopoke na Walokele, na wahunzi wao hawakuazima umbo kwa mtu.

Kpinga ya Wazande ilikuwa kisu cha kurusha. Ina mabawa matatu ya chuma yanayotazama pande tofauti, hivyo ikizunguka hewani upande wowote utakaotangulia kumfikia adui ndio utakaokata. Shujaa aliibeba nyuma ya ngao yake ya kusukwa. Haikuwa mali ya kila mtu: ilifuliwa kwa amri ya watawala na kugawiwa wapiganaji wao. Anayeitazama vizuri anaona namna ya kupigana, na anaona serikali pia.

Kwa Wamangbetu mambo ni mengine. Mwaka 1870 msafiri Mjerumani Georg Schweinfurth alipofika kwa mfalme Mbunza, alimkuta ameshika silaha iliyopinda kama mundu, yote ya shaba nyekundu. Shaba haidumishi makali, na mfalme hakuhitaji makali pale barazani. Alihitaji kuonekana.

Wachoraji wengi huruka hatua ya chuma chenyewe. Chuma cha tanuru za udongo na makaa ya miti kilikuwa laini, na bapa refu jembamba la chuma laini hupinda likipigwa. Wahunzi wa Afrika ya Kati walikuwa na dawa yake: upande mmoja wa bapa walifua bonde kulia kwa mstari wa katikati, na upande wa pili bonde lilikaa kinyume chake. Bapa kama hilo likikatwa kwa upana, mkato wake unaonekana kama herufi S iliyonyooshwa. Ugumu umepatikana kwa umbo, bila kuongeza uzito. Huo mstari wa kivuli unaopita katikati ya upanga, ambao mchoraji huuona kuwa pambo, ndio akili yote ya mhunzi.

Halafu kuna liganda, iliyotumiwa na Watopoke na Walokele huku mtoni chini ya Kisangani. Ni jani la mkuki lililokuzwa hadi kukaribia kimo cha mtu mzima, jembamba, lisilofaa vitani hata kidogo. Lilikuwa fedha, na lilitolewa mahari. Ni mtunzi gani wa falme za kubuni aliyewahi kufikiria taifa linaloolea kwa mikuki mirefu karibu kama wake zao?

Huko New Zealand, karakana ya Weta ilipotengeneza silaha za filamu za Peter Jackson za ulimwengu wa kubuni, zilizoanza kutolewa 2001, kila taifa la humo lilipewa chuma chake: Waelfu mapanga ya mpindo mwembamba, wapanda farasi wa Rohan vichwa vya farasi mpinini. Kazi hiyo inastahili sifa. Ila mapambo huja mwisho. Kwanza mchoraji ajue taifa lake linapata wapi chuma, linapigana msituni au uwandani, na nani ameruhusiwa kushika silaha. Mwenye majibu hayo atakuwa ameshachora nusu ya upanga.

Uwezo upo. Barly Baruti, mmoja wa wachoraji wakubwa wa hadithi za picha barani Afrika, alizaliwa mjini humu mwaka 1959. Kinachokosekana ni vitu vya kutazama, maana vingi viko katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Orodha ya vitu vya Kongo vilivyomo humo, iliyokabidhiwa serikali ya Kongo Februari 2022, ilikuwa na vitu vipatavyo 84,000. Kwa hiyo jarida hili linaziomba familia za Isangi na Yangambi ambazo bado zina liganda au kisu cha babu ndani ya nyumba: vijana wakija na daftari na penseli, wafungulieni mlango, waacheni wakishike, wakipime na kukichora.