Pilipili ya Kuponda Ina Kosa Gani?

Kuna imani imeota mizizi mijini kwetu kwamba hadhi ya meza inapimwa kwa chupa ya sosi iliyosimama juu yake. Chupa ikiwa imetoka nje, mwenye nyumba ni mtu wa maana. Pakiwa na kibakuli cha pilipili ya kuponda, achari ya embe au ukwaju, hapo ni uswahilini, na mgeni mheshimiwa akibisha hodi kibakuli kinarudishwa jikoni mbio mbio.

Upuuzi mtupu.

Hiyo ketchup tunayoinyenyekea, huko Marekani, ambako H. J. Heinz alianza kuuza ya kwake mwaka 1876, inagawiwa bure kwenye vipakiti ukinunua baga. Mwaka 1981 serikali ya Ronald Reagan ilipokuwa inabana gharama za chakula cha wanafunzi, lilitoka pendekezo lililoonekana kuruhusu ketchup ihesabiwe kuwa mboga. Nchi nzima ikacheka, pendekezo likaondolewa. Kwao iligeuka kichekesho cha ubahili. Kwetu inakaa meza kuu. Na ukisoma lebo, mara nyingi karibu robo ya kilichomo ni sukari. (Wanaoimwagia kwenye pilau siwasemi leo, hao kosa lao ni la ulimi, wawe matajiri wawe maskini.)

Nitaambiwa hoja ni usafi. Sawa. Ile chupa ya plastiki ya kwenye kibanda cha chipsi, sosi imezimuliwa kwa maji mpaka inatiririka yenyewe, mdomoni imeganda ukoko mweusi, mimi siitetei. Lakini humo kuna tomato sosi, na kilicho kichafu ni chupa. Pilipili mbuzi iliyopondwa sasa hivi kwa chumvi na ndimu ina uchafu gani ambao kachumbari ya hotelini haina?

Tena hao hao wakubwa watazame wakiwa hotelini. Kuku ameshushwa, chupa tatu za nje zimepangwa mbele yake, bwana mkubwa anamwinamia mhudumu na kunong'ona: "Dada, pilipili ya kuponda hamna?" Inaletwa kwenye kisosi, mbegu zinaonekana, ndimu imekatwa pembeni. Jasho linamtoka puani, leso mkononi, anaagiza ya pili. Zile chupa hazifunguliwi.

Basi ladha haina ugomvi na mtu. Kinachodharauliwa ni mkono ulioponda. Achari ya mama wa Tandika ikiuzwa kwenye ndoo yenye mfuniko ni ya akina yakhe. Itie kwenye chupa ya kioo, ifunge kipande cha gunia shingoni, ipeleke duka la Masaki, uone watakavyoisifia kwa bei ya kuumiza.

Na uone anayelipa gharama ya majivuno haya. Pale Ilula nyanya zinapangwa kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa, na msimu ukichanganya bei inaporomoka, nyingine zinaoza kabla hazijapata mnunuzi. Iringa hiyo hiyo kiwanda cha Dabaga kinasindika sosi na achari miaka nenda miaka rudi. Mheshimiwa anapita hapo, kioo cha gari kimefungwa, anafika Dar es Salaam, anaingia supamaketi kununua nyanya zilizosagwa ng'ambo.