Kurudi si Kipimo

Kanuni inayokaririwa sana madarasani kuhusu mabadiliko ya vitu ni kwamba badiliko linalorudishika ni la kiumbo, na lisilorudishika ni la kikemikali. Barafu huyeyuka ikawa maji, maji yakaganda tena. Kuni zikishaungua, majivu hayawi kuni. Mifano hiyo ni sahihi, na ndiyo maana kanuni yenyewe haihojiwi. Hata hivyo ni kanuni mbovu, na inafaa ifutwe kwenye madaftari na mitihani.

Ushahidi umo katika kuta za Lamu, Mji Mkongwe wa Zanzibar na magofu ya Kilwa Kisiwani, zilizojengwa kwa chokaa ya matumbawe. Matumbawe yalipangwa juu ya magogo yakachomwa. Joto likifika takriban nyuzi 900 za Selsiasi, kalisi kabonati, ambayo ndiyo sehemu yake kubwa, huachia gesi ya kaboni dayoksaidi na kubaki kalisi oksaidi: kilo 100 zilizo safi hubakiza kilo 56 tu. Masalia hayo yakimwagiwa maji hutokota na kufuka mvuke pasipo moto, yakawa chokaa ya kujengea. Fundi akishaipaka ukutani, chokaa hunyonya polepole kaboni dayoksaidi ya hewani, ikakauka na kuwa kalisi kabonati kama ilivyokuwa kabla ya tanuri. Hatua zote hizo ni za kikemikali, na mwisho wake ni kurudi palepale. Mahindi nayo yakishasagwa hayawi punje tena, ilhali wanga wa unga ni uleule wa punje. Basi kanuni imeanguka pande zote mbili.

Swali linalofaa ni hili: je, kimepatikana kitu kipya? Dalili kama joto, rangi na mapovu husaidia, lakini hazitoshi. Soda ikifunguliwa hutoa mapovu kwa sababu gesi iliyoyeyushwa humo kwa shinikizo inatoroka. Magadi yakikamuliwa ndimu hutoa mapovu kwa sababu gesi hiyo inatengenezwa papo hapo. Macho huona jambo moja, kumbe ni mawili.

Wapo watakaosema mtoto anahitaji kanuni nyepesi, na kwamba hata wataalamu hubishana juu ya chumvi kuyeyuka majini. Ni kweli mpaka una utata mahali fulani, lakini utata wa chumvi haufuti tofauti iliyo wazi kati ya chuma kilichopinda na chuma kilicholiwa na kutu. Tena wepesi usio na ukweli una gharama. Anayedhani kuchanganya ni kuchanganya tu anaweza kumimina dawa ya kung'arisha nguo pamoja na dawa ya choo yenye asidi, akazalisha gesi ya klorini inayounguza mapafu. Klorini hiyo haikuwa gesi katika chupa yoyote kati ya hizo mbili.

Mtungaji wa mtihani asimwulize mtoto kama kitu kinarudi. Amuulize kulikuwa na nini mwanzo, kuna nini sasa, na amejuaje. Jibu la swali la tatu ndilo litakaloonyesha nani ameelewa na nani amekariri.