Dakika 75 San Gimignano: basi la watalii linamfaidisha nani?

Wadau, kuna mjadala unaochemka Italia miaka hii, na mara nyingi ukitufikia unakuwa umekatwa mkia: "Waitaliano wamechoka na watalii." Basi. Unasoma kichwa cha habari, unacheka kidogo, unapita. Mimi nimewahi kuwa mmoja wa hao wanaolalamikiwa, tena wa daraja linalolalamikiwa kuliko yote: mtalii wa siku moja, anayeshushwa na basi asubuhi na kuzolewa jioni. Kwa hiyo leo naomba tuutazame mjadala huu tukiwa ndani ya basi.

Nilikuwa Florence kwa siku nne. Hela ya kukodi gari sikuwa nayo, na kulala hata usiku mmoja Siena kungenimalizia bajeti. Nikafanya wanachofanya maelfu ya watu kila msimu: nikakata tiketi ya safari ya siku moja, euro sabini na kitu. Miji mitatu ya vilimani, chakula cha mchana na mvinyo wa Chianti humo humo, mtembeza watalii juu yao. Saa mbili asubuhi tukaondoka, watu kama hamsini hivi: wastaafu, wanafunzi, familia yenye watoto wawili wasinziaji, na mimi.

Nisifiche, ilikuwa siku nzuri. Ukiona Siena kwa mara ya kwanza, ule uwanja wa Piazza del Campo ulioinama kama sinia, unaelewa kwa nini watu wanasafiri. Lakini nina tabia moja mbaya: napenda mahesabu. Jioni nikakaa na karatasi. Safari nzima dakika 690. Siena dakika 150, Monteriggioni 40, San Gimignano 75. Jumla dakika 265 ndani ya miji tuliyolipia kuiona. Chakula 90. Zilizobaki, dakika 335, ni barabara, kuhesabiwa vichwa, foleni ya choo na kuwasubiri wachumba wawili waliopotea.

Kwa nini mbio zote hizo? Nilidhani ni tamaa ya kampuni tu. Tamaa ipo, lakini kuna mengine. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 inambana dereva: akiendesha saa nne na nusu lazima apate mapumziko ya dakika 45, kwa siku asizidishe saa tisa za usukani (mara mbili kwa wiki anaruhusiwa kumi), na kwa kawaida apate saa 11 za kupumzika kati ya siku na siku. Mwaka 2024 walilegeza kidogo jinsi madereva wa mabasi ya kitalii wanavyoweza kuyagawa mapumziko yao, lakini mantiki ni ile ile. Sisi tuliokulia kwenye mabasi ya mikoani tunajua thamani ya dereva aliyelala, kwa hiyo hapo sina ugomvi. Ila maana yake ni kwamba siku ina ukuta. Kampuni haiwezi kuirefusha siku, kwa hiyo inaijaza. Miji mitatu kwenye tangazo inauzika kuliko mmoja.

Halafu kuna basi lenyewe. Haliingii katikati ya Siena. Mitaa ya kale wameyafungia magari tangu miaka ya 1960. Linashusha watu sehemu maalumu na linalipia kibali. Kila dakika ya maegesho ina bei yake.

Sasa twende kwenye kiini. Siena kwenye jumba la serikali, Palazzo Pubblico, kuna michoro ya ukutani ya Ambrogio Lorenzetti ya mwaka 1338 na 1339, inayoonyesha utawala bora na utawala mbovu. Kwenye picha nimeitazama mara nyingi. Upande wa utawala bora, mchoraji hakuchora majengo matupu. Kachora watu: mafundi wako juu ya paa wanajenga, fundi viatu yuko dukani kwake, watu wanaingia na mizigo kutoka shamba. Yaani kwa wale wazee wa karne ya 14, dalili ya mji uliotawaliwa vizuri ilikuwa kwamba watu wanaishi na kufanya kazi humo. Miaka michache baadaye, 1348, tauni ikaupiga mji, hata ule mpango wa kulipanua kanisa kuu ukaachwa katikati. Ukuta wake umesimama mpaka leo.

Sisi michoro ile hatukuiona. Tulipita nje ya jumba, vidude masikioni, mama mtembeza watalii akatuambia ipo humo ndani. Muda haukutosha.

Monteriggioni ni kijiji ndani ya ngome ya duara ambayo Siena waliijenga mwanzoni mwa karne ya 13 kuwazuia Florence, na minara yake 14 imetajwa na Dante. Dakika 40, picha, twende.

Halafu San Gimignano. Hapa matajiri wa zamani walishindana kujenga minara, kila familia ikitaka kuonekana juu ya jirani. Inasemekana ilifika 72. Imebaki kama 14. UNESCO waliuingiza mji huu kwenye urithi wa dunia mwaka 1990. Manispaa nzima, pamoja na mashamba ya chini, ina wakazi wasiofika elfu nane.

Mimi pale nilikatikiwa na kamba ya kiatu. Ni jambo dogo, lakini jaribu kutembea kwenye mawe ya kilima na kiatu kinachofunguka mdomo. Nikaingia duka la kwanza: mikoba ya ngozi. La pili: vyombo vya udongo. La tatu: mapaja ya nguruwe yananing'inia, mvinyo, zafarani kwenye vichupa. La nne: sumaku za friji. Kamba ya kiatu hakuna. Muuza duka mmoja, kijana mpole tu, akaninyoshea mkono kuelekea lango: "Teremka, nje ya ukuta." Nje ya ukuta ndiko yanakouzwa maisha ya kawaida. Mwisho mtembeza watalii wetu ndiye aliyefungua mkoba wake akanipa kipande cha uzi. Nikamuuliza kama anaishi humu. Akacheka. Anaishi chini bondeni. Mama yake ndiye alizaliwa ndani ya ukuta.

Hapo ndipo nilipopiga hesabu yangu ya mwisho. Katika mji ule wa urithi wa dunia mimi niliacha aiskrimu ya euro tatu na choo cha euro moja. Euro nne! Chakula nilikula shambani njiani, kwenye mkataba wa kampuni. Kitanda nililalia Florence. Tiketi nilinunua kwa mtandao. Halafu mtaa nikausaidia kujaa, picha za watu nikawaharibia, na takataka yangu ikabaki mlimani ibebwe na halmashauri. Kuanzia mwaka 2011 halmashauri nyingi za Italia zinaruhusiwa kutoza kodi ya kulala, kiasi fulani kwa usiku kwa kila mgeni. Lakini mtu wa basi halali. Kwa hiyo anayekaa na kula na kulipa kitanda ndiye anayetozwa, na anayepita kama upepo anapita bure.

Ndiyo maana miji mingine imeanza kuweka geti. Civita di Bagnoregio, kaskazini ya Roma, ni kijiji juu ya mwamba laini unaomomoka kidogo kidogo. Tetemeko la mwaka 1695 liliwaondoa wengi, na leo wakazi wa kudumu utawahesabu kwa vidole. Unafika kwa daraja la miguu tu. Mwaka 2013 wakaanza kutoza kiingilio cha euro moja na nusu, baadaye kikapanda hadi tano. Venice ikafuata tarehe 25 Aprili 2024: euro 5 kwa mtu wa siku moja, siku 29 za majaribio, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi jioni. Anayelala halipi, kwa sababu ameshalipa kodi ya kulala. Mwaka 2025 siku zikawa 54, na aliyechelewa kujiandikisha akalipa 10. Mwaka huo wa 2024 pia walikataza makundi ya watalii kuzidi watu 25 na wakapiga marufuku vipaza sauti.

Sasa niseme ninaloliamini, na mnirushie mawe mkitaka.

Kwanza, geti linaingiza hela lakini halirudishi watu. Visiwa vya katikati ya Venice vilikuwa na wakazi karibu 175,000 mwaka 1951. Mwaka 2022 wakashuka chini ya 50,000. Euro tano haimfanyi kijana wa Venice apate nyumba ya kupanga. Civita kiingilio kimeisaidia sana halmashauri, hilo nalikubali, lakini kijiji chenyewe bado ni kijiji cha wageni wa mchana. Ukishaweka geti na tiketi, umekiri kwamba mji umekuwa makumbusho.

Pili, wanaotaka mabasi yafutwe kabisa wananikera. Wanasema "utalii wa ubora". Ukikuna hilo neno utakuta maana yake ni watalii wenye pesa. Kwenye basi lile nilikaa na bibi mmoja wa miaka sabini na kitu, magoti yake mabovu, hawezi kuendesha gari nchi ya watu. Bila basi asingeiona Siena maishani. Mimi vilevile. Uzuri wa dunia usiwe wa wenye magari tu.

Tatu, na hili ndilo la msingi: tunahesabu vichwa badala ya kuhesabu saa. Kichwa kimoja kilichokaa saa sita kinakula humo, kinanunua humo, kinaingia kuona michoro, pengine kinarudi mwakani kulala. Vichwa sita vilivyokaa saa moja moja vinakula aiskrimu na kwenda chooni. Miji kama Florence na Siena inatoza mabasi tayari. Basi bei igeuzwe: basi linaloleta watu kwa saa moja lilipe sana, linalokaa siku nzima lilipe kidogo. Kampuni zitapiga hesabu zenyewe, tangazo la "miji mitatu" litakuwa "mji mmoja, na chakula humo humo". Tiketi ya bibi yangu haitapanda. Atakachopoteza ni picha za Monteriggioni, atakachopata ni kukaa kwenye benchi Siena na kupumua. Na hela ya mabasi ibandikwe ubaoni: imeingia ngapi, imekwenda kwenye nyumba ngapi za kupangisha vijana wa ndani ya ukuta. Bila hiyo sehemu ya mwisho, yote ni porojo.

Najua mtaniuliza, sisi inatuhusu nini? Waitaliano wamejaa Malindi na Watamu kwa miaka mingi, na huko pia kuna safari za siku moja: gari linatoka hotelini ufukweni, linakwenda magofu ya Gedi, linarudi kabla ya chakula cha jioni. Gedi iliingia urithi wa dunia mwaka 2024. Pale hakuna wa kumuonea huruma kwa kelele, maana wenyeji waliuhama mji karne kadhaa zilizopita. Lakini Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar bado zina watu. Bado kuna mahali unapata mkate wa asubuhi, sindano, kamba ya kiatu. Hiyo ndiyo mali. Milango ya kuchongwa inaweza kutengenezwa upya. Jirani akishahama hatengenezwi.

Kwa hiyo siku ukiwa mgeni mahali, au siku ukiwa mwenyeji na halmashauri yako inajisifu kwa idadi ya wageni, uliza swali moja tu: walikaa saa ngapi, na walinunua kwa nani?

Uzi wa yule mama bado uko kwenye kiatu changu. Haya, uwanja ni wenu. Matusi pembeni, hoja mbele.