MBEGU MPYA NA MASWALI YA MKULIMA

Mkulima anunuaye mbegu chotara ya mahindi hulalamikia bei yake, nasi hatuwezi kumlaumu. Lakini ni haki yake pia ajue anauziwa nini.

Mbegu hiyo haikuokotwa. Mtaalamu huchagua mhindi mmoja, akafunika mbelewele na ndevu zake kwa mifuko ya karatasi usipate chavua ya jirani, kisha akaupa chavua yake wenyewe. Hufanya hivyo kizazi baada ya kizazi, mara sita hata nane. Mihindi ya ukoo huo hudhoofika, ikawa mifupi, yenye masuke ya kusikitisha. Asiyejua angedhani kazi imeharibika. Sivyo. Ukoo huo ukikutanishwa na ukoo mwingine wa mbali, mtoto wao huweza kuwazidi wazazi wote wawili kwa kimo na kwa mazao. Nguvu hiyo ndiyo inayouzwa. Nayo hupungua mkulima akipanda punje za mavuno yake, hata hulazimika kurudi dukani kila mwaka. Wauzaji wanalijua jambo hilo vyema kuliko wanavyolitangaza.

Huko Kitale, nchini Kenya, njia iliyoleta ushindi wa kwanza ilikuwa fupi zaidi. Mahindi yaliyokwisha kuzoea nyanda za juu yalichanganywa na mengine yenye asili ya Ecuador, na mwaka 1964 wakulima wakapewa Hybrid 611. Ilienea upesi, kwa wenye mashamba makubwa na kwa wadogo pia. Lakini mbegu ile hukaa shambani miezi mingi. Ukiipeleka penye mvua za miezi miwili, itanyauka kabla ya kubeba.

Ndiyo maana mtihani ni wa lazima. Mbegu mpya hupandwa katika vipande vidogo kando ya ile ambayo wakulima wanaitumia, na kila aina hurudiwa mara kadhaa, mahali pake pakichaguliwa kwa kura, ili rutuba ya pembe moja isiipe mbegu sifa isiyostahili. Katika Kenya mtihani huo husimamiwa na KEPHIS, na katika Tanzania na TOSCI. Haukuachiwa mwenye kuuza, kwa kuwa mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Wako wanaotaka mtihani ufupishwe ili mbegu ziwafikie wakulima mapema. Hoja yao ina uzito, maana kuchelewa nako ni hasara. Lakini na watazame Malawi. Huko, kwa miaka mingi, chotara zilizosifiwa kwa mazao zilikataliwa jikoni. Punje zake zilikuwa laini: zikitwangwa, unga mwingi ulipotea pamoja na pumba, na ghalani zilibunguliwa upesi. Akina mama walikuwa na haki. Ilikuwa mwaka 1990 zilipotolewa MH17 na MH18, chotara zenye punje ngumu.

Tena mwaka 2011 ulionekana huko Bomet, Kenya, ugonjwa uletwao na virusi vya aina mbili vikikutana katika mhindi mmoja. Mbegu nyingi zilizokwisha kufaulu mitihani zikakauka mashambani, kwa kuwa hazikupata kuulizwa swali hilo. Tangu mwaka 2013 kipo kituo cha Naivasha ambako mihindi huambukizwa ugonjwa huo makusudi, ijulikane ipi inayostahimili.

Kwa hiyo hatukubaliani na wanaotaka kupunguza maswali. Kama haraka inatakiwa, iongezwe idadi ya mashamba ya majaribio na ya wataalamu, na baadhi ya mashamba hayo yawe ya wakulima wenyewe, yasiyo na mbolea ya kutosha. Tena yapasa matokeo yabandikwe katika kila duka la mbegu, kwa Kiswahili, yakionyesha mbegu ilipandwa wapi, ilitiwa mbolea kiasi gani, na ikatoa magunia mangapi.