Mlembe na Mwanafunzi Mzima
Mtu mzima asione haya kujifunza kazi za porini. Mwenye kutaka asali na afuatane na mzee wa Kiborana, amtazame apigavyo mluzi kumwita ndege aitwaye mlembe. Ndege huyo hulia, huruka mti hadi mti, kisha hutulia karibu na nyuki. Mwaka 1989 wataalamu Isack na Reyer walieleza kwamba, katika nchi wasiyoizoea, Waborana walitafuta nyuki kwa wastani wa saa 8.9 bila ndege, na saa 3.2 tu wakiongozwa naye. Mwanafunzi ajue kufukiza moshi na kuuzima moto. Tena asiondoke kabla ya kumwachia mlembe nta, maana huo ndio ujira wake.