Njia ya Miguu Iingie Kwenye Mpango wa Msimbazi

Tangu Mei 2016, mabasi ya mwendokasi yanapita Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam kutoka Kimara hadi Kivukoni, na mtandao wake pamoja na matawi una kilomita zipatazo 21. Njia kuu imejengwa vizuri: kando yake kuna sehemu za waenda kwa miguu na za baiskeli. Shida huanza abiria anapoiacha barabara hiyo na kuingia mtaani.

Huko hakuna kijia cha kueleweka. Mama mwenye mtoto mgongoni hubanana ukingoni na bodaboda, na mvua ikinyesha huruka madimbwi huku kanga ameikunja mkononi. Watu wa namna hii ndio wengi wa abiria, na mipango ya usafiri ingeanza na wao.

Sasa ipo nafasi adimu. Mradi wa Bonde la Msimbazi, uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2022, unakusudia kuinua daraja la Jangwani linalofungwa kila mafuriko yakija, na kugeuza sehemu ya bonde kuwa bustani ya jiji. Bustani hiyo isiishie kuwa mahali pa kupigia picha Jumapili. Ipitishwe njia pana ya miguu na baiskeli, yenye taa na kivuli cha miti, kutoka Kigogo na Hananasifu hadi vituo vya Magomeni Mapipa na Jangwani.

Vituoni pawekwe maegesho ya baiskeli yenye mlinzi. Bila hayo, fundi wa Kigogo hataiacha baiskeli yake akapande basi kwenda Kariakoo.